Siku Tuliyopeleka Majembe kwa Baba Sitta

Juzi nilikuwa duka la dawa hapa mjini Bariadi, nasubiri panadol yangu, mama mmoja mbele yangu akafungua kichupa cha mafuta ya kuzuia jua ili auone ubora wake kabla ya kulipa. Basi. Harufu ile ikatoka, papai bivu lililochanganyika na wodi ya hospitali, ikanishika shingo na kunirudisha darasa la sita. Muuzaji aliniita, akaniita tena, mwishowe akanigonga mkono kwa kalamu. Nilikuwa nimesimama pale kama nguzo ya umeme, nanusa.

Harufu ile ilikuwa ya Minza. Tulikaa dawati moja, mimi, yeye na Masunga, dawati la watu watatu lililotengenezwa kwa ajili ya watu wawili wembamba. Minza alikuwa na ualbino. Enzi zile hatukulijua neno hilo. Tulisema zeruzeru, mbele yake, bila ubaya na bila aibu, kama unavyosema mtu mrefu. Kaka yake Sitta naye alikuwa hivyohivyo, darasa la saba, ndiye mtunza muda wa shule. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi, na Sitta akiigonga, nawaambieni, ng'ombe wa Maswa walikuwa wanageuza shingo kutazama huku kwetu Itilima. Alivaa kofia pana ya majani kama sinia la harusi. Wakati wa mapumziko alikuwa anatuigizia walimu wote, hata yule wa hesabu aliyekuwa anachechemea, na walimu wenyewe walijificha nyuma ya dirisha la ofisi wakicheka.

Msimu wa palizi, jioni moja, Sitta alikwenda kurudisha mbuzi na hakurudi. Mbuzi walirudi.

Nyumbani kwetu hakuna aliyesema kitu. Ninyi wa rika langu mnakumbuka wakubwa wetu walivyokuwa: jambo likiwa kubwa, wanalizungumza kwa macho. Baba alinoa panga ambalo lilikuwa kali tayari. Mama alituita ndani jua likiwa bado juu, kuku wenyewe wakatushangaa. Nilipouliza, mama aliendelea kupepeta mtama, akasema, "Sitta amepotea."

"Amepotelea wapi?"

"Mayu, binti yangu, nimesema amepotea. Kalete maji."

Sasa hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi yake. Kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kusikia, kama watoto wote wa kwetu, kwamba watu wa aina ile hawafi. Wanapotea tu. Leo yupo, kesho hayupo, kaburi lake hulioni. Nani aliniambia? Sijui. Lilikuwa hewani, kama vumbi. Na kweli, msiba haukuwepo. Hatukuona watu wakikusanyika, hatukusikia kilio, wanawake hawakubeba unga na kuni kwenda kwa baba Sitta. Nilijumlisha hayo yote kwa akili zangu nyingi nikapata jibu: Sitta ameyeyuka kama umande, na sasa zamu ni ya Minza.

Baada ya siku chache Minza alirudi shuleni. Baba yake alimleta kwa baiskeli, mkuki umefungwa kwenye fremu, akasimama getini mpaka alipomwona anaingia darasani. Minza alikaa dawatini. Nilimtazama mkono wake uliokuwa karibu na wangu, mweupe, una madoadoa, na nikaona waziwazi kwamba umeanza kuwa mwepesi. Naapa niliziona mbao za dawati kupitia kwenye ule mkono.

Nilikuwa na kipande cha khanga ya mama nilichokuwa nafungia muhogo. Nikakipitisha kwenye kitanzi cha sketi yake, nikakifunga kwenye sketi yangu, mafundo kama ya kufungia fahali.

Masunga akainama. "Unafanya nini wewe?"

"Nyamaza."

"Unamfunga Minza?"

"Asipotee."

Minza alitazama lile fundo, akanitazama. "Nikitaka kwenda chooni?"

"Tunakwenda wote."

Na tulikwenda wote. Tulikwenda wote kila mahali, chooni, bombani, kwenye kivuli cha mkaratusi, kama ng'ombe wawili wa plau. Nikisinzia darasani, nilikuwa naamka nikilivuta fundo kuhakikisha bado kuna uzito upande wa pili.

Mwalimu wetu wa darasa aliitwa Mwalimu Tumaini, kijana kutoka Tanga, mrefu mpaka ukimtazama usoni shingo inauma siku mbili. Alikuwa ndiyo kwanza amepangiwa kwetu. Kisukuma chake kilikuwa salamu mbili na zote alizichanganya, asubuhi anatuamkia "mwadila" ya jioni. Siku alipomwita Minza ubaoni, Minza akasimama, na mimi nikasimama, tukaenda wote. Darasa likacheka. Mwalimu alicheka pia, mpaka alipokiona kile kitambaa.

"Mbuke, hii nini?"

"Ni khanga, mwalimu."

"Naona ni khanga. Kwa nini umemfunga mwenzako?"

"Ili asipotee kama Sitta."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Tumaini aliweka chaki mfukoni badala ya kwenye meza. Akatuambia tuchore ramani ya wilaya, naye akatoka, na kupitia dirishani tulimwona amesimama kwenye jua kali akitazama ukuta wa ofisi. Niliogopa sana. Mwalimu asiye na la kusema ni kitu cha kutisha kuliko fimbo.

Kesho yake Minza hakuja. Wala keshokutwa. Kumbe habari ya kitambaa changu ilikuwa imetembea, na katika kutembea ilinenepa. Ilipotoka shuleni ilikuwa khanga. Ilipofika kisimani ilikuwa kamba. Ilipofika kwa baba Sitta ilikuwa kuna watu wamemfunga binti yake kamba kule shuleni na mwalimu anaangalia. Nani angemlaumu? Akamfungia Minza ndani, akaweka kiti mlangoni, akakaa na mkuki wake magotini. Akaapa kwamba shule imekwisha.

Mwalimu Mkuu, Mama Nkwimba, alikwenda kuzungumza naye. Mama yule alikuwa na sauti ya kupindua mkokoteni, lakini alirudi kimya. Mwalimu Tumaini naye akaenda, akarudi hivyohivyo. Ila alikuwa ameona kitu: shamba la pamba la baba Sitta, lile la mbele ya nyumba, limezama kwenye magugu. Pamba yote ya kijiji ilikuwa imepaliliwa, na ya kwake hata huioni. Mwalimu akajisemea kwamba mzee yule yuko peke yake, hawezi kulinda mlango na kushika jembe.

Alituuliza darasani, "Minza ni mwenzenu. Mnataka kumfanyia nini?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja. Mtu akizidiwa, watu wanakwenda na majembe kwake, wanapanga mstari, wanaimba, mpaka jua likilala shamba limepumua. Tukasema kwa pamoja, "Tukampalilie." Mwalimu alifurahi mpaka masikio yakasogea.

Mama Nkwimba siku hiyo alikuwa ameitwa kikaoni wilayani, Lagangabilili. Angekuwepo, asingetuacha tufike hata getini.

Tulipanga mstari njiani, majembe mabegani, mwalimu mbele. Masunga alikuwa nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Mbuke. Lakini kwao kuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Sitta."

"Sitta amepotea, hajafa. Umeona kaburi?"

Akafikiri. "Sijaona."

"Umesikia matanga?"

"Hapana."

"Sasa msiba uko wapi?"

Akakubali, kwa sababu hoja yangu ilikuwa imara kama zizi la jirani yetu, mzee Ngusa. Na unajua tena, kama kungekuwa na msiba, kila mmoja wetu, hata yule mjinga kuliko wote, angejua kwamba jembe haliguswi pale. Kwetu, mtu akifa, shamba la nyumba ile linalala mpaka matanga yaondolewe na watu wanyoe. Ukipeleka jembe kabla, umesema mbele ya watu wote kwamba aliyekufa hakuwa mtu. Hilo mwalimu wa Tanga hakulijua. Sisi tulilijua. Lakini sisi tulikuwa tunakwenda kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekufa.

Tulianza kupalilia. Nadhani tulikuwa tumefika ubeti wa pili wa wimbo pale mlango ulipofunguliwa kwa kishindo.

Baba Sitta alikuja amenyoosha mkuki. Sijawahi kuona mtu mzima anatembea vile, magoti hayakunjiki. Alipita katikati ya mistari ya pamba bila kutazama anachokanyaga. Majembe yakasimama hewani. Mwalimu Tumaini akajiweka kati yake na sisi, na kwa hofu akatoa salamu, na kwa mara ya kwanza maishani akaipatia.

"Mwadila, baba."

Mzee hakuitikia. Alisema, kwa sauti ndogo mno kwa mtu mwenye mkuki, "Nani kawaambia mguse jembe kwangu?"

"Tumekuja kukusaidia, baba. Wanafunzi..."

"Mtoto wangu nimemlaza ndani ya nyumba, chini ya sakafu, kwa mikono yangu. Sikulia kwa sauti, wasije wakajua alipo wakamfukua. Sikuita ndugu. Sijanyoa. Mama yake hajanyoa. Na wewe unaniletea majembe? Hakuwa mtu?"

Mwalimu alitugeukia. Uso wake ulikuwa umekauka. "Anasema nini kuhusu majembe? Nani ananieleza?"

Masunga alieleza. Alieleza kwa maneno machache sana, akitazama vidole vyake vya miguu. Mwalimu Tumaini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaliweka jembe lake chini taratibu, kama anaweka mtoto.

"Wekeni chini," akatuambia. "Wote."

Halafu yule mtu mrefu akakaa kwenye udongo. Hakuchagua pa kukaa. Suruali yake ya kwenda ofisini, safi, ikaingia kwenye matope ya palizi. "Baba," akasema, "mimi ni mgeni hapa na nimekukosea. Sina cha kujitetea. Kama unaturuhusu, tutakaa kidogo na wewe, halafu tutaondoka. Kama huruhusu, tunaondoka sasa."

Mkuki wa mzee ulikuwa bado umetuelekea. Na hapo mimi, mwenye mdomo ambao mama alikuwa anasema ungefaa kuuzwa mnadani, nikasikia sauti yangu imetoka.

"Baba. Sitta amekufa?"

Mzee alinigeukia. Nilidhani atanipiga.

"Mmeambiwa nini ninyi?"

"Tumeambiwa amepotea. Kwamba wao hawafi, wanapotea. Na mimi nilimfunga Minza kwa khanga ya mama ili asipotee. Haikuwa kamba."

Kitu kilishuka usoni mwake, kama mzigo unaoteleza kichwani. Akaukita mkuki chini, akauegemea. "Mayu," akasema, "njoo."

Nilimfuata. Mlangoni kulikuwa na giza na harufu ya simenti mbichi. Mama Sitta alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, kichwa kimefunikwa, na Minza kando yake. Kwenye sakafu ya udongo kulikuwa na sehemu ya kijivu, ndefu, laini, urefu wa mvulana wa darasa la saba. Juu yake kofia pana.

"Huyu hapa," mzee akasema. "Hakupotea. Aliuawa. Na watu waliomuua wana majina na wake na watoto kama mimi. Walitaka ngozi yake kwa sababu mtu mwongo aliwaambia ina utajiri. Sitta alikuwa na damu. Nimeiosha mimi."

Nilipiga magoti. Niliweka kiganja changu kwenye simenti, na ilikuwa ya baridi, na chini yake alikuwepo. Hakuna maneno ya kueleza hili bila watu kuniona mwendawazimu, lakini nilichohisi mwanzo kilikuwa nafuu. Mtu aliyepotea huwezi kumlilia. Unabaki unamsubiri na kuogopa. Halafu nafuu ikapasuka nikalia, kilio changu kikatoka nje kwa wenzangu, Masunga akaanza, wasichana wakaanza, na mama Sitta, ambaye tangu jioni ile ya mbuzi alikuwa amemeza sauti yake, akaitoa. Nawaambieni, sauti ile iliwaleta watu kutoka ng'ambo ya mto. Wanawake walikuja wakikimbia, wengine bado wana unga mikononi. Waliona watoto wa shule wamekaa chini uani pamoja na mwalimu wao, wakakaa nao.

Mama Nkwimba alifika kwa bodaboda kutoka Lagangabilili, faili za kikao zikiwa kwapani. Hakuuliza kitu. Alivua viatu, akaingia, akatoka macho mekundu, akamwambia Mwalimu Tumaini, "Shule inahamia hapa mpaka matanga yaishe. Mkurugenzi akiuliza, mwambie mimi ndiye niliyesema."

Kwa hiyo shule ilihamia. Asubuhi tulikuwa darasani, mchana uani kwa baba Sitta, wavulana wakichanja kuni na sisi tukichota maji. Na kule darasani Mwalimu Tumaini aliacha vitabu vimefungwa, akakaa juu ya dawati la mbele, magoti yake yakimfikia kidevuni, akasema, "Ulizeni."

Ya kwanza ilikuwa ya Masunga. "Ni kwa sababu ya rangi tu, mwalimu?"

"Ni kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na uongo ambao watu wameambiana juu ya ngozi hiyo."

"Waliomuua tunawajua?"

"Polisi wamewachukua wawili. Sijui kama ni wote."

"Wanaweza kuwa ni watu tunaowaamkia?"

"Wanaweza," akasema.

Nilishindwa kuvumilia. "Na Minza? Watamchukua na Minza?"

Kila mwalimu niliyewahi kukutana naye, hata baadaye kule masomo ya jioni nilikomalizia kidato cha nne nikiwa na mtoto mgongoni, angesema hapana, msiogope. Mwalimu Tumaini alisugua uso wake kwa mikono yote miwili. "Nikikuambia hapana, Mbuke, nitakuwa nakudanganya, na mmeshadanganywa vya kutosha. Ninachoweza kuahidi ni kwamba hatatembea peke yake." Nililia na hapo pia. Miezi ile nilikuwa nalia kwa urahisi kama bomba lililokufa koki, naye hakuniambia ninyamaze hata mara moja. Alikuwa ananisogezea ile leso yake yenye chaki, nikitoka hapo uso umepakwa kama mcheza ngoma wa Wagika.

Siku ya kuondoa matanga walinyoa, familia yote, na Mama Nkwimba akanyolewa nao ingawa hakuna aliyemwomba. Kisha baba Sitta akaliendea shamba, akachukua jembe lake mwenyewe na kulikita kwenye mstari wa kwanza. Akainua kichwa, akatutazama tuliosimama pembeni tukingoja.

"Sasa," akasema, "mnaweza."

Tulipalilia lile shamba kwa kasi ambayo trekta lingeona aibu. Jua lilipoinama, Mwalimu Tumaini alimfuata mzee, akamwomba amruhusu Minza arudi shuleni, nasi tutakuwa tunamsindikiza. Mzee alikuwa anafuta jembe kwa majani, upande mmoja, upande mwingine, mpaka likang'aa.

"Mtakuja wangapi?" hatimaye akauliza.

"Darasa zima, baba. Asubuhi kumchukua, mchana kumrudisha. Na mwalimu mmoja, kila siku."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua."

"Nitakuwa nawatazama kutoka pale kwenye kichuguu," mzee akasema. "Kila siku."

Asubuhi ya kwanza nilikuwa sijalala hata lepe. Tulifika kwao umande bado uko chini. Minza alitoka na begi lake, shati la mikono mirefu, kichwa kimenyolewa chini ya kofia. Mama yake alimpaka mafuta shingoni kwa mara nyingine, akampaka tena, hakutaka kumaliza. Baba yake akapanda kichuguu na mkuki wake.

Tukamzingira. Wavulana mbele, wavulana nyuma, sisi pembeni, begi kwa begi, tumemkaba kiasi kwamba hata nzi angehitaji kibali. Njia ya kwetu inashuka kwenye mto wa mchanga, kisha inapita kati ya vichaka ambavyo nilivipita tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na asubuhi ile kila kichaka kilikuwa na miguu. Kanga akiruka, darasa zima linaruka. Mzee mmoja alitupita na baiskeli, akatuamkia vizuri tu, nasi tulimtazama mikono yake badala ya kuitikia. Mwalimu Tumaini alikuwa nyuma kabisa, na niliisikia pumzi yake, fupifupi, akageuka kutazama kichuguu, akageuka tena.

Katikati ya mchanga Minza alisimama, nasi tukagongana.

"Mnanikanyaga," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa lalamiko lake la kwanza tangu Sitta afe.

"Wewe Masunga begi lako linanichoma. Mbuke unanipumulia sikioni. Sioni njia. Mimi naona kwa shida, na ninyi mmeniwekea ukuta."

"Tunakulinda," nikamwambia.

"Nilindeni huko nyuma."

Akatusukuma kwa viwiko, akapenya kati ya wavulana wa mbele, akajitokeza peke yake kwenye mchanga mweupe. Alikunja macho kwa ajili ya mwanga. Masunga akamtazama mwalimu kuuliza, na mwalimu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kule juu ya kichuguu, baba yake alikuwa amesimama kwa ncha za vidole.

Minza akaanza kutembea, nasi tukamfuata.